Sura ya Saba: Andiko Linalosomeka Mkutanoni

Chukua andiko la mradi lililolala kwenye droo ya asasi yako. Futa jina la kijiji, weka jina la kijiji kingine cha mkoa wa mbali, kisha lisome upya kuanzia mwanzo. Ikiwa hakuna sentensi hata moja iliyoharibika, andiko hilo halimhusu mtu yeyote. Ni barua isiyo na anwani: ina mhuri na saini, lakini tarishi hajui ampelekee nani.

Sura hii inahusu maombi ya ruzuku kwa asasi zinazohudumia vijana na familia. Nitalizungumzia hilo nikiwa nimeelekeza macho Ngerengere, katika Wilaya ya Morogoro, kwa sababu Ngerengere ni mahali pasipokubali kubadilishwa jina. Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilipita hapa ikielekea Morogoro, ilikofika mwaka 1907. Mashamba ya mkonge yalileta vibarua kutoka mikoa ya mbali, na wajukuu wao sasa ni wenyeji. Kuna kambi ya jeshi. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na Ngerengere ni moja ya stesheni zake. Mto uliopewa jina hilo hilo hutoka Milima ya Uluguru, hulijaza Bwawa la Mindu, hupita Morogoro mjini na kuteremka tambarare hadi kuungana na Ruvu. Na kwenye Ruvu yenyewe, upande wa Kidunda, Serikali ilianza kujenga bwawa kubwa kwa ajili ya maji ya Dar es Salaam na Pwani.

Mkonge, kambi, reli na bwawa vina jambo moja la pamoja. Huleta watu wenye mshahara mahali ambapo wenyeji wengi wanategemea jembe, mahindi na ufuta. Binti wa miaka 16 anayekulia kando ya mahali pa namna hiyo ana nafasi zake na hatari zake. Si zile za binti wa Kinole, kule juu milimani, anayekulia kwenye mashamba ya mdalasini na pilipili manga. Wote wawili ni wa mkoa mmoja, hata wilaya moja. Andiko linalowaita wote "vijana wa vijijini walio katika mazingira magumu" limewapoteza wote wawili kwa pamoja.

Kwa hiyo nina kipimo kimoja tu cha andiko zuri, na sura nzima itakirudia. Kabla hujalituma kwa mfadhili, lisome kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya watu linaowataja. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, kila kijiji kina Mkutano Mkuu wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na kwa utaratibu hukutana kila miezi mitatu. Jukwaa liko tayari, halikodishwi. Andiko linaloweza kusomwa pale bila mwandishi wake kuinamisha uso limeshavuka mtihani ulio mgumu kuliko wa kamati yoyote ya wafadhili.

Fedha hii ni ya nani?

Neno ruzuku limetoka shina moja na riziki. Mwenyezi Mungu huruzuku, nasi hupokea. Huenda ndiyo maana baadhi yetu tunaandika barua ya ruzuku kama tunaomba dua, kwa unyenyekevu mwingi na maelezo machache. Lakini ruzuku ya taasisi ina historia yake, na anayeijua huomba kwa utulivu zaidi.

Watu wa pwani wanaujua wakfu. Mtu huweka shamba la minazi kuwa wakfu wa msikiti au wa mayatima: shamba haliuzwi wala halirithiwi, kinacholiwa ni mavuno yake. Taasisi kubwa za ruzuku za Marekani, kama Carnegie Corporation ya mwaka 1911, Rockefeller Foundation ya 1913 na Ford Foundation ya 1936, zinafanana na shamba hilo. Mali imewekezwa, na faida yake hutolewa kwa kazi za jamii. Tena tangu mwaka 1969 sheria ya kodi ya Marekani inazilazimisha taasisi binafsi za aina hiyo kutoa fedha kila mwaka, na kiwango cha sasa ni takriban asilimia 5 ya mali zao za uwekezaji. Maana yake ofisa anayesoma andiko lako hakufanyii hisani kutoka mfukoni mwake. Kazi yake ni kutafuta mahali pazuri pa kupeleka fedha ambazo lazima zitoke. Wewe unamsaidia kuifanya kazi hiyo, naye anakusaidia kuifanya yako.

Sheria hizo hizo zinaeleza kwa nini anakusumbua na karatasi. Taasisi binafsi ya Marekani ikipeleka fedha kwa asasi ya nchi nyingine, hutakiwa ama kuthibitisha kwamba asasi hiyo inalingana na asasi za hisani za kwao, au kuifuatilia fedha hatua kwa hatua: kuichunguza asasi kabla, kusaini mkataba, kupokea taarifa za matumizi. Akikuomba katiba, majina ya wajumbe wa bodi na hesabu zilizokaguliwa, usidhani anakushuku. Naye ana mtu anayemuuliza.

Karibu na nyumbani zipo taasisi zinazojua hali yetu bila mkalimani. Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2002, imetoa ruzuku kwa asasi za Bara na Zanzibar, na asasi nyingi zimeiandikia taarifa zao kwa Kiswahili. Women Fund Tanzania, ya mwaka 2008, inasaidia asasi na vikundi vya wanawake na wasichana. Miongoni mwa za ng'ambo, Firelight Foundation ya California imejikita tangu mwaka 1999 katika asasi ndogo za kijamii zinazohudumia watoto na familia zao barani Afrika, na Segal Family Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2007, huweka fedha zake kwa asasi za wenyeji katika ukanda wetu.

Jambo la kujua mapema ni kwamba wakfu nyingi za ng'ambo hazipokei maombi yasiyoalikwa. Hutafuta wabia kwa kuwauliza wale wanaowajua tayari. Kwa hiyo asasi ya Ngerengere isiyojulikana hata Morogoro mjini haiwezi kujulikana California. Mtandao wa mkoa, kama UNGO unaounganisha mashirika yasiyo ya kiserikali ya Morogoro, ni mahali pa kuonekana unafanya kazi. Hudhuria vikao, peleka taarifa, pokea wageni wa asasi nyingine. Jina jema hutangulia andiko.

Tofautisha pia ruzuku na mkopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa Aprili 2023 na ukarejeshwa mwaka 2024 kwa masharti mapya. Vijana kumi wanaotaka mashine ya kukamua ufuta wana biashara, na mlango wao ni huo wa Halmashauri. Kuivalisha biashara vazi la asasi ili ipate ruzuku ni kumdanganya mfadhili, na ni kuwaharibu vijana wenyewe, kwa sababu watakaa wakingoja ruzuku ya pili badala ya mteja wa kwanza.

Kisha kuna hali ya sasa. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID likawa limefungwa. Asasi zilizokuwa zikitegemea fedha zile sasa zinabisha hodi kwenye milango ya wakfu binafsi, ambako asasi ndogo zilikuwa zimezoea kusimama. Foleni imerefuka. Anayetaka kuonekana kwenye foleni ndefu asipaaze sauti zaidi. Aseme jambo ambalo wengine hawawezi kulisema kwa sababu hawaishi alipo.

Karatasi kabla ya kalamu

Kikundi kinachotambuliwa na Halmashauri kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii kinaweza kufanya kazi njema kwa miaka mingi. Lakini wakfu nyingi hutaka kusaini mkataba na asasi iliyosajiliwa kisheria. Msingi ni Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Namba 24 ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2005 na 2019. Usajili unaweza kuwa wa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa, na baada ya marekebisho ya 2019 cheti hudumu miaka 10. Kila mwaka asasi hulipa ada na kuwasilisha taarifa ya kazi na ya fedha. Msajili yuko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na sehemu kubwa ya shughuli zake sasa hupitia mfumo wa mtandaoni. Kwa asasi ya Ngerengere mtu wa kuanzia kuonana naye ni ofisa maendeleo ya jamii. Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro yako Mvuha, siyo Morogoro mjini, na nauli ya kwenda huko iwekwe kwenye mipango tangu mwanzo.

Kanuni za mwaka 2018 ziliongeza jambo ambalo asasi nyingi hulisikia zikiwa zimeshachelewa. Fedha ikizidi shilingi milioni 20, mkataba wake unatakiwa kuwasilishwa kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, na asasi hutakiwa kutangaza hadharani fedha ilizopata na ilivyozitumia. Usisubiri mkataba ndipo uulize.

Andaa bahasha moja yenye cheti, katiba, muhtasari wa mkutano uliochagua viongozi, majina ya bodi, taarifa za benki, hesabu za miaka ya karibuni na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji na wa kata. Hakikisha akaunti ina watia saini wasiopungua wawili wasio wa nyumba moja. Kamati ya wafadhili ikikuta mwenyekiti, mhasibu na katibu ni mume, mke na shemeji, andiko linaishia hapo hata kama halisemwi jambo. Na mkutano wa kijiji ungekuwa umeliona hilo kabla ya kamati.

Lisemeni tatizo kwa jina lake

Andiko dhaifu huanza na Afrika. "Umaskini ni tatizo kubwa linalolikabili bara letu." Mfadhili anajua. Kinachomfanya aketi sawasawa ni kitu ambacho hakukijua, kilichohesabiwa na mtu aliyekuwepo.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Tarakimu zake nimezitunga ili tuone hesabu inavyokwenda. Asasi inataka kuwasaidia wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito warudi shule. Msingi wa sera upo: Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurejea katika shule ya mfumo rasmi, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukatoa maelekezo. Kuna pia njia mbadala kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Ruhusa ipo. Swali la asasi ni dogo na zito zaidi: hapa kwetu, nani amerudi, nani hajarudi, na aliyekwama amekwama wapi?

Majibu hayako kwenye intaneti. Yako katika daftari la mahudhurio la shule, kwa mwalimu wa malezi, kwenye rejesta ya zahanati na kwa mwenyekiti wa kitongoji ambaye anajua kila nyumba. Wiki tatu za kuzunguka kwa baiskeli na daftari zinatosha kupata sentensi kama hizi: "Katika vitongoji vitano tumewatambua wasichana 46 waliokatisha masomo kwa ujauzito katika miaka mitatu. Tisa wamerudi. Kati ya 37 waliobaki, 30 wanasema wangerudi, na 22 kati yao wanataja jambo lile lile: hakuna wa kubaki na mtoto mchana." Sentensi hizo zimeshachagua mradi. Semina ya kuelimisha jamii umuhimu wa elimu haitawarudisha wasichana 22. Anayehitajika ni mlezi wa watoto, chumba safi na uji.

Jaribu sasa kuzisoma hesabu hizo mkutanoni. Mtu atasimama: "Kitongoji chetu mmekisahau." Mwingine: "Wawili mliowahesabu wamehamia Chalinze." Utarekebisha, na andiko litakuwa la kweli zaidi. Idadi husomwa hadharani, lakini jina la binti, umri wake pamoja na kitongoji chake, au jina la aliyempa mimba, havisomwi mkutanoni na haviwekwi kwenye andiko. Vivyo hivyo picha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda faragha ya mtoto, na adabu yetu ilimlinda kabla ya sheria hiyo. Mradi unaomtangaza msichana ili kumsaidia umeanza kwa kumuumiza.

Kipimo cha mkutano huondoa jambo jingine, nalo ni lugha ya kudharau. Katika maandiko mengi wazazi wetu ni "jamii yenye uelewa mdogo" na makungwi ni "vinara wa mila potofu". Andika hivyo, kisha simama mbele ya bibi aliyewalea wajukuu sita kwa jembe la mkono umsomee. Huwezi. Na ikiwa huwezi kumsomea, usimwandikie mgeni maneno hayo juu yake.

Familia ni nani

Fomu za maombi zina kisanduku cha "mkuu wa kaya" na kingine cha "wazazi". Huko zilikotungwa visanduku hivyo vinatosha. Huku vinahitaji maelezo, na asasi inayoyatoa huonekana mara moja kuwa inaijua kazi yake.

Waluguru wa milimani, na Wakwere, Wakutu na Wazigua wa tambarare, kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ardhi ya ukoo hupita upande huo, na mjomba ana kauli ambayo fomu haikuiachia nafasi. Dini, ndoa za watu wa makabila mbalimbali, uuzaji wa ardhi na wajukuu wa vibarua wa mkonge vimebadilisha mengi. Leo nyumba mbili za kitongoji kimoja zinaweza kufuata taratibu mbili. Lakini binti akipata ujauzito, uamuzi wa arudi shule, aolewe au apelekwe kwa ndugu mjini mara nyingi haufanywi na baba peke yake mezani. Bibi mzaa mama yumo. Mjomba yumo. Kungwi aliyemfunda yumo.

Mradi ulioandika "tutawaelimisha akina baba 100" utawapata akina baba 100 wakiwa wameketi kwa heshima kwenye kikao, halafu uamuzi utafanyika kwingine. Mradi ulioandika kwamba kikao cha familia kitamkuta mama, bibi, mjomba na binti mwenyewe, kila mmoja kwa nafasi yake, umeonyesha njia ya fedha hadi kwenye uamuzi. Hiyo ndiyo wafadhili huita nadharia ya mabadiliko. Kwa Kiswahili cha kijijini ni kueleza tu: tukifanya hili, nani ataamua tofauti, na kwa nini?

Oanisha pia andiko na mipango ya Taifa, kwa ufupi na kwa ukweli. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Desemba 2021, na mpango wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto umeshaingia awamu ya pili. Chumba cha kulelea watoto wa wasichana wanafunzi kinagusa yote miwili. Sentensi mbili zinatosha. Usinakili sera kurasa tatu. Mfadhili anataka kujua utafanya nini wewe.

Bajeti ni ahadi yenye tarakimu

Tuendelee na mfano wetu: wasichana 30, mwaka mmoja. Wahudumu wawili wa kutembelea familia, kila mmoja shilingi 250,000 kwa mwezi: 6,000,000. Sare, viatu, madaftari na mahitaji ya wasichana, 180,000 kila mmoja: 5,400,000. Walezi wawili wa watoto, 150,000 kwa mwezi kwa miezi 10 ya masomo: 3,000,000. Vikao 10 vya familia, 220,000 kila kimoja: 2,200,000. Usafiri wa ufuatiliaji, 150,000 kwa mwezi: 1,800,000. Ofisi, benki, uhasibu na ukaguzi wa hesabu: 2,600,000. Tathmini ya katikati na ya mwisho: 1,000,000. Jumla ni shilingi 22,000,000.

Soma bajeti hiyo mkutanoni na ujiandae kwa mzazi mmoja mwenye hesabu za haraka. "Milioni 22 kwa watoto 30 ni zaidi ya laki saba kila mmoja. Mbona binti yangu anapata laki moja na themanini?" Ni swali la haki, na ndilo litakaloulizwa na ofisa wa wakfu kwa maneno mengine. Jibu lipo ikiwa bajeti ni ya kweli. Mlezi anayebaki na mtoto ni fedha ya binti pia. Mhudumu anayefika nyumbani mara tatu kumshawishi mjomba ni fedha ya binti. Mkaguzi wa hesabu ni fedha ya kulinda fedha ya binti. Kama kuna mstari usioweza kuutetea mbele ya mzazi yule, ufute. Posho za vikao ndizo huanguka kwanza kwenye mtihani huu, na ni vizuri zianguke kijijini kabla hazijaangushia asasi aibu kwa mfadhili.

Usiifiche gharama ya ofisi. Asasi nyingi huandika kwamba kila shilingi itamfikia mlengwa, kisha hulipa umeme na mhasibu kwa fedha ya sare. Andika milioni 2.6 na ueleze ni za nini. Na kumbuka kwamba milioni 22 imevuka milioni 20: mkataba huu lazima ufike kwa Msajili.

Andika pia mchango wa kijiji kwa thamani yake. Chumba kilichotolewa na Serikali ya kijiji kina kodi ambayo hamkulipa. Matofali, siku za kazi na mahindi ya uji vina bei. Mchango uliotajwa mkutanoni na kuingizwa kwenye muhtasari una mashahidi wengi. Uliotungwa mezani hauna hata mmoja.

Kisha kalenda. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na katika miezi ya kulima na kupalilia watu wako shambani. Mwaka wa shule huanza Januari. Fedha ikifika Machi, sare zikanunuliwa Aprili, wasichana wamepoteza mwaka. Omba mapema, na kwenye mpango kazi uandike wazi kwamba vifaa lazima vinunuliwe Desemba. Mfadhili anayejali atapanga malipo yake ipasavyo. Lakini hawezi kujua kalenda ya Ngerengere usipomwambia.

Jibu likija

Maombi mengi hukataliwa. Ndivyo ilivyo kwa asasi kubwa pia. Jibu likiwa hapana, andika barua fupi ya shukrani na uulize, kwa heshima, ni wapi andiko lilikosa nguvu. Wengine hawatajibu. Atakayejibu amekupa somo la bure. Kisha rudi mkutanoni ukaseme kwamba tumekosa. Watu waliokutajia matatizo yao wanastahili kujua yalikoishia, na asasi inayorudi na habari ya kukosa huaminiwa itakaporudi na habari ya kupata.

Jibu likiwa ndiyo, kazi ya kuandika ndiyo kwanza imeanza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ya mashine kwa kila ununuzi unaoihitaji, hati ya malipo yenye saini, orodha ya waliopokea, na siku moja kila mwezi ya kulinganisha daftari na taarifa ya benki. Bandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji kila robo mwaka. Mhasibu mwaminifu hulindwa na ubao huo kuliko anavyolindwa na sifa yake.

Na taarifa iseme yaliyotokea. Tuseme kati ya wasichana 30, 19 wamemaliza mwaka darasani. Kishawishi ni kuandika juu ya hao 19 na picha za tabasamu. Andika pia juu ya 11. Wanne waliolewa, watatu walihama na familia zao kufuata kazi, wanne waliacha kwa sababu chumba cha watoto kilifungwa mvua ilipoezua paa. Hapo mfadhili amejifunza kwamba mwaka ujao fedha za kuezeka paa zinahitajika, na kijiji kimejifunza kwamba hamkuwasahau wale 11. Wakfu zinazofaa kufanya nazo kazi huongeza imani kwa asasi inayoeleza kilichoshindikana. Zinazotaka ushindi mtupu zitakufundisha kusema uongo, na uongo huo utaanza kwa mfadhili uishie kwa binti.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nina ombi moja. Kabla ya andiko lako linalofuata, mwone mwenyekiti wa kijiji umwombe dakika 20 kwenye Mkutano Mkuu ujao. Soma kurasa zako polepole. Mahali watu watakapocheka, kata. Mahali watakaponyamaza, uliza. Mahali watakapobishana, andika wanachosema, kwa maneno yao. Mfadhili akikubali, mtakuwa na mradi. Akikataa, mtakuwa bado na wasichana 37 mnaojua walipo, familia zilizoketi pamoja, na chumba ambacho kijiji kimekwisha kukitoa. Anzeni na hicho.